Maswali ya Wasomaji: Ukikutana na Mkongwe wa Katuni Mezani Kwake

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na karibu zote zina swali la aina moja: tamasha la katuni lililo karibu nami limemwalika mtunzi mkongwe, sasa nijiandae vipi? Jina lililotajwa zaidi ni la Chris Claremont, mwandishi aliyeshika X-Men, katuni ya mashujaa ya kampuni ya Marvel, kuanzia mwaka 1975 hadi 1991, kwa hiyo tumemchukua yeye kuwa mfano. Majibu yanamfaa mkongwe mwingine yeyote utakayemkuta ameketi nyuma ya meza.

*Binti yangu ana miaka 14 na anampenda sana Storm kwa sababu ni wa Kenya kama bibi yake. Nilitaka Claremont amtilie saini katuni ya kwanza kabisa ya Storm, lakini bei yake imenitisha. Kuna njia nyingine? — Mama wa Minneapolis*

Ipo, mama, tena inamfaa Claremont kuliko hiyo ya kwanza. Katuni aliyotokea Storm, yule shujaa wa X-Men anayetawala hali ya hewa, mara ya kwanza ni Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975. Wakati ule iliuzwa senti 50. Leo nakala nzuri ni maelfu ya dola. Lakini iliandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, na hao ndio waliomuumba Storm. Jina la Claremont halimo kati ya watunzi waliotajwa kwenye toleo lile. Cockrum alifariki mwaka 2006 na Wein mwaka 2017, kwa hiyo saini zao hazipatikani tena mezani.

Claremont alikuja baadaye kidogo, kwenye namba 94 ya X-Men, akampa Storm historia. Namba 102, ya Desemba 1976, ndiyo inayosimulia kwamba mama yake N'Daré alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake Mmarekani mpiga picha za habari. Kwamba alikulia Cairo, nyumba yao ikaangukiwa na ndege, akabaki na hofu ya kufungiwa mahali padogo. Kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini hadi nyika za Serengeti. Katuni inasema jina lake, Ororo, maana yake ni uzuri. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunasikia kitu kingine humo: ngozi nyororo, udongo mwororo, yaani ulaini. Binti yako amweleze Claremont hilo akifika mezani. Linachukua nusu dakika, na ni jambo ambalo watu walio mbele yake kwenye foleni hawatakuwa nalo.

Kama namba 102 nayo ni ghali, tafuta X-Men namba 1 ya mwaka 1991 (ni mfululizo mpya ulioanza kuhesabu upya), aliyoiandika Claremont na kuchorwa na Jim Lee. Ilichapishwa zaidi ya nakala milioni 8, ikiwa na majalada matano, na ndiyo maana hadi leo hupatikana kwenye masanduku ya dola chache. Chagua lile jalada lenye Storm na Beast. Au Uncanny X-Men (ndio mfululizo ule wa zamani kwa jina lake la baadaye) namba 186 ya Oktoba 1984, iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, ambamo Storm amepoteza nguvu zake. Kwa maoni yetu hiyo ni miongoni mwa hadithi bora alizowahi kuandikiwa. Marvel pia huchapisha upya matoleo ya zamani, matangazo ya biashara na yote, kwa bei ya katuni mpya. Saini kwenye nakala kama hiyo ni saini ileile, na mtoto anaweza kuisoma bila kuogopa kuichafua.

Nunua mfuko wa plastiki na kadi ya nyuma kabla ya kwenda. Katuni ya 1976 inahitaji mfuko wa saizi inayoitwa Silver, inchi 7⅛ kwa 10½. Ya 1991 inaingia kwenye Current, inchi 6⅞ kwa 10½. Ukiilazimisha ya zamani kwenye mfuko mwembamba, pembe zinakunjika pale pale. Na uitoe mfukoni ukiwa bado kwenye foleni, watu watatu kabla ya zamu yako. Ukingoja ufike mezani, haraka itakufanya uivute juu juu, selotepu ya mfuko inashika jalada na kung'oa rangi. Ajali hii ndiyo inayotokea kuliko zote, na dawa yake ni kuikunjia selotepu nyuma ya mfuko kabla ya kutoa kitabu.

*Saini yangu ya mwaka jana ilipakaa kwenye mfuko, na nyingine niliyoomba ukurasa wa ndani ikapenya hadi ukurasa wa tatu. Nilitumia kalamu moja kwa zote mbili. Nilikosea wapi? — J.M., Houston*

Kosa ni hiyo kalamu moja. Jalada na kurasa za ndani ni karatasi mbili tofauti kabisa.

Jalada linang'aa kwa sababu lina utando juu yake, na wino hauzami, unakaa juu. Kwa jalada tumia maka peni ya wino usiofutika, ncha nyembamba, kama Sharpie. Wino wake umeyeyushwa katika spiriti, na spiriti ikiruka wino unabaki umeshika. Kwa kugusa unaweza kudhani umekauka baada ya sekunde kadhaa, lakini ukiurudisha kwenye plastiki mapema unahama na kushika mfuko. Hesabu dakika tano nzima ukiwa umekibeba kitabu wazi juu ya kadi yake. Kama jalada ni jeusi utahitaji kalamu ya rangi ya fedha au dhahabu, ile yenye kijiwe ndani kinachogonga ukiitikisa. Hiyo itikise vizuri, ubonyeze ncha kwenye karatasi chakavu hadi rangi ishuke, uandike mistari miwili ya majaribio, ndipo umpe mtunzi. Usipofanya hivyo tone la kwanza linaangukia jaladani. Rangi hiyo inataka dakika kumi au zaidi kukauka.

Kurasa za ndani za katuni za miaka ya 1970 ni karatasi ya gazeti. Zinafyonza. Spiriti ya maka peni inasambaa kama maji kwenye kitambaa, inapita hadi ukurasa wa pili na wa tatu. Hapo tumia kalamu ya wino wa chembe (pigment) yenye ncha ya milimita 0.5, au hata biki ya kawaida ikiandikwa kwa mkono mwepesi, na uweke kipande cha karatasi safi chini ya ukurasa unaosainiwa.

Biki hiyo hiyo usiilete kwenye jalada. Inaruka ruka, mtunzi anakandamiza ili iandike, na unabaki na mfereji usiotoka. Tena usiweke kitabu kinachosainiwa juu ya vingine: mkandamizo wa kalamu unashuka hadi jalada la chini. Kadi ngumu moja, kitabu kimoja.

Kuhusu rangi, nyeusi inadumu. Nyekundu na zambarau zinapendeza siku ile lakini ndizo zinazofifia haraka kwenye mwanga.

Amua mapema saini ikae wapi, na ikae mahali patupu pa rangi hafifu, mbali na uso wa mhusika na mbali na pini. Ukitaka kuonyesha mahali, bandika kijikaratasi cha gundi kwenye mfuko, kamwe si kwenye jalada lenyewe. Na ujue saini ya mtu unayemwendea. Mchoraji Walter Simonson, kwa mfano, herufi za jina lake zinaunda mnyama dinosauri mwenye shingo na mkia. Ukimwachia pembe ya sentimita mbili umemnyima mkia.

*Nimeambiwa saini moja ni dola 40. Mchezaji wa mpira husaini bure nje ya uwanja. Huyu mzee anauzaje jina lake? — Msomaji wa Columbus, Ohio*

Bei zinatofautiana sana: wapo wanaosaini bure, wapo wanaosaini moja bure na kutoza zinazofuata, na wapo wa dola 100 na zaidi. Wengi huweka kikopo cha michango ya hisani pembeni. Lakini swali lako ni kwa nini watoze, na hilo linahitaji historia.

Kwa miongo mingi tasnia ya katuni ya Marekani ililipa kwa ukurasa. Mwandishi au mchoraji alikabidhi kurasa, akapokea hundi, na mhusika aliyemuumba akawa mali ya kampuni. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Ilifika Desemba 1975, mmoja wao akiwa karibu kipofu, ndipo kampuni iliyomiliki Superman ilipokubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi. Jack Kirby, aliyebuni au kushiriki kubuni nusu ya wahusika ambao watoto wetu wanawavaa kwenye fulana, aliidai Marvel kurasa zake halisi kwa miaka. Mwaka 1987 alirudishiwa takribani 2,000 kati ya zaidi ya 10,000 alizochora. Bill Finger, aliyeshiriki kumuumba Batman, alifariki mwaka 1974 na jina lake likaanza kutajwa rasmi kwenye Batman mwaka 2015.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni kubwa mbili, Marvel na DC, zilianza kuwapa watunzi mgawo wa mauzo kwa katuni zilizouza zaidi ya nakala 100,000. Claremont alinufaika, kwa sababu X-Men wakati huo ilikuwa inaongoza sokoni. Waliofanya kazi zao kubwa kabla ya hapo hawakuuona mgawo huo. Cockrum, mchoraji aliyembuni Storm, alipolazwa mgonjwa mwaka 2004, wasanii wenzake walilazimika kumchangia kwa kuuza michoro. Ndiyo sababu lipo shirika la hisani liitwalo Hero Initiative, lililoanzishwa mwaka 2000, linalowasaidia watunzi wakongwe kulipia matibabu, dawa na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo pale mezani dola 40 zako zinaingia mfukoni mwa aliyeiandika hadithi, bila kupitia studio wala duka. Kwa baadhi yao wikendi kumi za namna hiyo kwa mwaka ndizo pensheni. Kama huna fedha, usiombe punguzo mbele ya foleni. Nenda kwenye mazungumzo yake ukumbini, ambayo kwa kawaida yamo ndani ya kiingilio, ukamsikilize saa nzima.

Beba noti ndogo, za dola 5, 10 na 20. Kumbi kubwa kama Javits Center ya New York hujaa watu hadi mtandao wa simu unagoma, na kile kimashine cha kusomea kadi kinagoma nao.

*Niende siku gani? — Asha, New Jersey*

Ijumaa mchana. Jumamosi foleni hufungwa mapema, wakati mwingine saa moja kabla ya muda uliotangazwa, na Jumapili wageni wengi huondoka kuwahi ndege. Ratiba iangalie asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu hubadilika usiku.

*Kuna vijana wenye vitambulisho shingoni wanaosimama karibu na meza na kuchukua vitabu mara tu vikisainiwa. Ni akina nani, na mimi nawahitaji? — K., Chicago*

Hao ni mashahidi wa kampuni inayopima ubora wa katuni, CGC. Kampuni hiyo hukipa kitabu alama kati ya 0.5 na 10, ikakifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kitabu chenye saini hupata lebo ya manjano ikiwa shahidi wao ameiona ikitiwa kwa macho yake na kitabu hakikurudi mkononi mwako. Saini uliyopata peke yako, hata kama ni halali na una picha, kwa utaratibu wao wa kawaida huhesabiwa ni maandishi jaladani, na lebo yake ni ya kijani. Kampuni shindani, CBCS, hukagua saini zisizo na shahidi kwa kuzilinganisha na sampuli.

Unamhitaji shahidi kama unanuia kuuza, au kama kitabu chenyewe ni cha maelfu ya dola. Kumbuka gharama zinapandana: ada ya mtunzi, ada ya shahidi, ada ya upimaji, na usafirishaji wa bima. Watunzi wengi hutoza zaidi kwa kitabu kinachokwenda kwenye kasha kwa sababu wanajua kitauzwa, na hilo ni haki yao. Usimfiche. Akikuuliza kama ni cha kupimwa, sema ndiyo.

Kama ni cha kusoma na kumrithisha mtoto, achana na kasha. Mwambie mtunzi aandike jina la mtoto. Jina hupunguza bei sokoni na kuongeza thamani nyumbani, kwa hiyo amua wewe ni wa soko gani.

*Naweza kumwomba Claremont anichoree Storm? — Kijana wa Toronto*

Hapana, yeye ni mwandishi. Jiandae kujua kazi ya kila mtu kabla ya kwenda: yupo anayeandika, anayechora kwa penseli, anayepitisha wino, anayepaka rangi, na anayeandika maneno ndani ya viputo. Mpitisha wino mkongwe hufurahi sana mtu akimjia na ukurasa alioufanyia kazi, kwa sababu wengi humpita wakidhani ni msaidizi tu.

Ukimpata mchoraji, omba kulingana na mfuko na muda wake. Kuna kichwa peke yake, kuna kifua na kichwa, kuna mwili mzima, na kuna mwili mzima pamoja na mandhari. Kila hatua inapandisha bei. Karatasi ya kawaida ni bristol (karatasi nene ya kuchorea) ya inchi 9 kwa 12, au 11 kwa 17 ambayo ndiyo saizi ya kurasa halisi za katuni. Mchoraji huja na karatasi yake, lakini wewe beba picha ya mhusika iliyochapishwa. Picha kwenye simu inazimika betri ikiisha, na mchoraji hawezi kubaki na simu yako saa nne.

Orodha ya maagizo ya wakongwe hujaa ndani ya saa ya kwanza ya siku ya kwanza, na wengi huifungua mtandaoni kupitia wakala miezi kabla ya tamasha. Ulipie, upate risiti yenye maelezo ya ulichoagiza, na uulize siku ya kuchukua. Kinachoharibika hapa mara nyingi ni matarajio: msomaji anataka wahusika watano wakipigana kutoka kwa mtu wa miaka 80 mwenye vidole vinavyouma. Omba mhusika mmoja. Ukileta kitabu chenye jalada tupu la kuchorewa, hakikisha karatasi yake haing'ai, kwani penseli haishiki juu ya mng'ao na wino unapakaa chini ya kiganja.

Unachonunua ni karatasi ile tu. Huna haki ya kuichapisha kwenye fulana.

*Chama chetu cha wanafunzi kinaandaa tamasha dogo la siku mbili, na tumekubaliwa na mwandishi wa miaka 76. Hatujawahi kuhudumia mgeni wa umri huo. Tufanye nini tusije tukaaibika? — Kamati, Columbus, Ohio*

Mpo mji mzuri. Columbus ina maktaba ya katuni ya Billy Ireland katika Chuo Kikuu cha Ohio State, na mgeni wenu huenda akapenda kupelekwa huko kuliko kupelekwa mkahawani. Sasa kazi.

Andikeni mkataba mfupi unaosema siku atakazofika na kuondoka, saa za kusaini, idadi ya mazungumzo ukumbini, nani anakata tiketi ya ndege, nani analipa hoteli, posho ya chakula ni kiasi gani na inatolewa lini (itoeni taslimu anapofika, msingoje mwisho). Wageni wengi huomba dhamana: mnakubaliana kiasi, na kama mauzo ya mezani kwake hayakufika hapo, nyinyi mnajazia. Kama bajeti haiwezi dhamana, semeni mapema. Wapo watakaokuja kwa tiketi na hoteli tu. Kinachowaudhi ni kuambiwa Jumapili jioni kwamba hundi itafuata.

Hoteli iwe na lifti na isizidi dakika tano kutoka ukumbini. Mkatieni ndege isiyo na kuunganisha ikiwezekana, na afike siku moja kabla.

Meza ya futi 8 inatosha, yenye viti viwili, cha kwake kikiwa na mgongo na mto. Iwekeni mwisho wa mstari au kando ya ukuta ili foleni iende pembeni isizibe meza za jirani wala njia ya dharura. Isiwe karibu na spika. Mzee anayesikia kwa shida akiwekwa karibu na muziki atatumia siku nzima kuuliza "unasemaje?" na kufika jioni hana sauti. Pimeni pia umbali wa choo kwa miguu yenu wenyewe.

Hesabu ya foleni ni hii. Mtu mmoja mwenye vitabu viwili na salamu huchukua dakika 2. Kikao cha dakika 90 kinamaliza watu 45. Fungeni foleni kwa 40, na mtu wa mwisho ashike bango linalosema foleni imefungwa, ili asije mtu wa 41 akasimama saa nzima bure. Vikao viwili kwa siku, mapumziko ya saa mbili katikati, basi. Wekeni kikomo cha vitabu kwa kila mtu, kwa mfano vitatu, kiandikwe juu ya meza kwa herufi kubwa. Bila kikomo atakuja mfanyabiashara mmoja na sanduku la vitabu 30, na watoto watano nyuma yake watakosa.

Mwekeeni msaidizi mmoja asiyebadilika. Kazi yake: kupokea fedha, kuwa na chenji ya kuanzia isiyopungua dola 100 katika noti ndogo, kufungua kitabu kwenye mahali pa kusaini, na kuandika jina la anayefuata kwa herufi kubwa kwenye kijikaratasi kabla hajafika mezani. Hili la mwisho ni muhimu kwetu kuliko kwa wengine. Mwanaisha, Nyamvula na Ng'ang'a wakisubiri mwandishi abuni tahajia yao kwa kusikia katikati ya kelele, vitabu vitaharibika. Msaidizi awe pia na kalamu za akiba sita, tatu za ncha nyembamba na tatu za kati, maji yasiyo baridi sana, na jibu la heshima kwa anayezidisha maneno: "Ahsante sana, tuwape nafasi na wengine."

Mazungumzo ukumbini yawe ya dakika 50: 30 za mwendesha kipindi, 20 za maswali. Mwendesha kipindi lazima awe amesoma kazi za mgeni, si ukurasa mmoja wa wasifu. Akikaa upande wa sikio linalosikia vizuri na kurudia kila swali la hadhira kwenye kipaza sauti, nusu ya matatizo imekwisha. Andaeni picha 10 hadi 15 za kurasa zake kwenye projekta. Kumbukumbu ya mtu wa miaka 76 huamka akiona ukurasa wenyewe: atakumbuka nani alichelewa, nani alibadilisha mwisho wa hadithi, kwa nini mhusika fulani aliuawa. Swali la "ulipata wapi mawazo?" atalijibu kwa sentensi aliyoitoa mara elfu.

Chakula cha mchana kimfuate alipo, wala asipange foleni. Na usiku asipelekwe popote asipoomba.

*Nimeandika hadithi yangu ya katuni. Nikampe mkongwe asome? — Msomaji wa Leeds, Uingereza*

Usimpe kwenye foleni ya saini. Waandishi wengi hukataa kabisa kusoma hadithi ambazo hazijachapishwa, kwa sababu wakija kuandika kitu kinachofanana baada ya miaka mitatu wanaweza kushtakiwa. Usilichukulie kwa ubaya. Mchoraji ni rahisi zaidi: nenda saa ya mwisho ya siku meza ikiwa tupu, uulize kama ana dakika tano, uwe na kurasa tano au sita mfululizo za hadithi moja. Picha nzuri moja moja za mashujaa wamesimama hazimwonyeshi kama unaweza kusimulia. Akianza kukosoa, andika, usijitetee.

*Kaka yangu ameniletea kutoka Marekani katuni ya 1984 yenye saini. Nakaa Mombasa, Nyali. Fundi wa stesheneri ameniambia niipige lamineti. Sawa? — Msomaji wa Mombasa*

Usithubutu. Joto la mashine linaharibu wino wa saini, linabana pini ndani ya karatasi, na hakuna njia ya kuitoa tena bila kuichana.

Adui zako huko Nyali ni unyevu, mwanga na mende. Karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake. Joto na unyevu huiharakisha, ikawa ya kahawia na kuvunjika pembeni, na pini zinapata kutu inayotia madoa. Muulize kaka yako kama mfuko aliotumia ni wa polipropilini au wa poliesta, ile inayojulikana kama Mylar. Poliesta inakaa miaka mingi; polipropilini ibadilishe kila baada ya miaka mitano hivi. Kadi ya nyuma iwe isiyo na asidi, upande wake laini ukigusa kitabu. Kadibodi ya boksi la viatu haifai kabisa.

Kisha tia kitabu kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli zinazobadilika rangi zikijaa unyevu. Gramu 50 zinatosha boksi la lita 10. Zikibadilika, zianike kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa mbili, zipoe, zirudi kazini. Angalia kwanza kama kifuko chake kinavumilia joto, la sivyo mwaga chembe kwenye trei. Fungua boksi siku kavu, asubuhi ya kaskazi, wala si masika. Liweke juu ya rafu ndani ya chumba, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Nafthalini usiweke: harufu haitoki kwenye karatasi na plastiki inaharibika.

Ukitaka kuitundika ukutani, tundika nakala ya rangi iliyopigwa skana.